Duka chini, nyumba juu: tuonyesheni mkato wa jengo kwanza

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumzie majengo yanayochanganya maduka, ofisi na makazi chini ya paa moja katika mitaa ya miji iliyosongamana. Faida zake zimeshasemwa sana, na sisi tunaoyachora, kuyapigia hesabu na kuyasimamia hatuna ugomvi nazo. Mtu hushuka ngazi akapata mahitaji yake bila kupanda gari, mtaa haulali ukabaki mahame saa za usiku, na kiwanja kimoja hufanya kazi ya viwili. Malalamiko yetu ni juu ya namna yanavyochorwa. Mara nyingi huchorwa jengo la nyumba za kupanga, kisha kuta za ghorofa ya chini zinafutwa, vioo vinawekwa, na pembeni panaandikwa "maduka". Hilo ni jengo la makazi lililotobolewa chini, na kasoro zake huanza kuonekana siku mpangaji wa kwanza mwenye jiko anapohamia.

Ukitazama ramani ya kila ghorofa peke yake, huoni kosa. Kosa limo katika vitu vinavyopita wima: nguzo, mabomba ya maji taka, dohani, ngazi, lifti, nyaya, na sauti. Hivyo huonekana kwenye mkato, yaani ule mchoro unaolionyesha jengo kana kwamba limepasuliwa kutoka paa hadi msingi. Katika mafaili mengi ya maombi ya vibali, mkato ni karatasi ya mwisho, umechorwa kwa kukamilisha idadi, na umepitishwa kwa makusudi mahali pasipo na kitu cha kuonyesha. Ombi letu ni kwamba mkato uchorwe kwanza, na udaiwe kwanza: na mamlaka za vibali, na benki zinazokopesha, na mnunuzi anayeweka akiba yake yote pale.

Tuanze na nguzo, kwa kuwa zege likishamwagwa nguzo haisogei. Gari dogo linahitaji nafasi ya upana wa mita 2.5. Magari matatu kati ya nguzo mbili ni mita 7.5, ukiongeza unene wa nguzo unapata kama mita 8.1 kutoka katikati hadi katikati. Vyumba vya kulala vinataka mita 3 hadi 3.6, kwa hiyo mchoraji wa nyumba hupenda nguzo za kila mita 5 au 6. Watu wawili wakichora bila kuzungumza, nguzo ya juu inaangukia katikati ya njia ya magari au mbele ya kaunta ya duka. Hapo mhandisi analazimika kuikata na kuibebesha boriti ya kuhamishia mzigo. Piga hesabu ya haraka: jengo la zege lenye kuta za matofali, pamoja na watu na samani, huwa na uzito wa kama tani 1 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Nguzo inayobeba mita za mraba 25 katika ghorofa nane hushusha tani 200. Boriti ya kupokea tani 200 katikati ya upana wa mita 8 haitoshi kuwa na kina cha sentimita 60. Inafika mita 1.5 na zaidi. Na kina hicho hutolewa kwenye kimo cha duka. Duka lililoahidiwa mita 4.2 kutoka sakafu hadi sakafu linabaki na mita 2.7 chini ya boriti, na bado mabomba na mifereji ya hewa havijapita.

Ni nafuu zaidi kuchagua kipimo kimoja tangu mwanzo na kukiheshimu mpaka paani. Mita 8.1 hugawanyika vizuri: chini ni duka moja pana au mawili ya mita 4, na juu ni chumba cha mita 3.3 kando ya sebule ya mita 4.5, sentimita 30 zilizobaki zikiwa ni unene wa kuta. Mchoraji wa nyumba atalalamika kidogo. Alalamike.

Mzigo wa matumizi nao hutofautiana kuliko wengi wanavyodhani. Kanuni za Ulaya huhesabu sakafu ya makazi kwa kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, ofisi 200 hadi 300, duka 400 hadi 500, na ghala 750. Kwa hiyo ghorofa ya kwanza iliyopigiwa hesabu ya nyumba haiwezi kugeuzwa stoo ya duka la chini kwa sababu tu mpangaji ameomba. Kama mwenye jengo anahisi kwamba siku moja atataka ghorofa ya kwanza iwe ofisi au duka, hesabu ya duka itumike hapo tangu awali. Nondo zinazoongezeka ni chache ukilinganisha na kuimarisha slabu, yaani bamba la zege la sakafu, ambayo watu wanaishi juu yake.

Mahali penye matetemeko ya ardhi, ghorofa ya chini iliyo wazi ni hatari ya aina yake. Juu kuna kuta za matofali kila mita chache, zinazolikaza jengo. Chini kuna nguzo na vioo tu, tena nguzo ndefu zaidi. Ugumu wa nguzo dhidi ya msukumo wa pembeni hupungua kwa kipeo cha tatu cha urefu wake. Nguzo ya mita 4.5 ina chini ya theluthi moja ya ugumu wa nguzo ileile yenye mita 3. Ardhi inapotikisika, ghorofa za juu husogea kama sanduku moja, na mjongeo wote unaishia chini. Katika tetemeko la Northridge, California, la tarehe 17 Januari 1994, nyumba moja ya kupanga ya ghorofa tatu iliyokuwa na maegesho chini iliporomokea ghorofa yake ya chini na kuua watu 16. Jiji la San Francisco liliweka sheria ya kulazimisha majengo ya mbao ya aina hii kuimarishwa mwaka 2013, na Los Angeles ikafuata mwaka 2015. Kinga yake si nguzo nene zaidi pekee. Ni kuta za zege zinazoanzia msingini na kupanda bila kukatika, zilizogawanywa pande zote. Jengo lenye ukuta mzima nyuma na kioo kitupu mbele halisogei moja kwa moja, linajipinda kama mlango kwenye bawaba, na nguzo za upande wa mtaani ndizo zinazovunjika kwanza.

Sasa tuje jikoni, ambako ugomvi mwingi wa majengo haya huzaliwa. Mwenye jengo husema: "Hatutapangisha mgahawa." Miaka mitatu baadaye duka la nguo limefungwa, nafasi imekaa tupu miezi, na anayekuja na pesa mkononi ni mwenye mgahawa. Kwa kuwa hakuna dohani, bomba la bati linatobolewa ukutani na kumwaga moshi uani, chini ya madirisha ya vyumba vya kulala. Mpangaji habadiliki, wala wakazi hawazoei harufu. Kinachofuata ni kesi.

Dohani ya akiba haili nafasi kubwa kama inavyohofiwa. Jiko la wastani linalotoa mita moja ya ujazo ya hewa kwa sekunde, hewa ikienda kwa kasi ya mita 8 kwa sekunde, linahitaji njia yenye eneo la mita za mraba 0.125, sawa na mraba wa sentimita 36 kila upande. Ongeza gamba la kuzuia joto, nafasi ya mkono wa fundi, na ukuta wa kustahimili moto kuizunguka: unafika mraba wa kama sentimita 90. Hiyo ni mita za mraba 0.81 kwa kila ghorofa; kwa ghorofa nane ni mita za mraba 6.5, chini ya chumba kimoja kidogo cha kulala. Mwenye jengo anayekataa kutoa chumba kimoja anajifungia mlango wa kupangisha duka lake kwa nusu ya wafanyabiashara waliopo.

Kuna mambo kadhaa ya dohani ambayo hukosewa hata na wanaoiweka. Feni ikae juu ya paa, isiwe jikoni. Feni ikiwa juu, dohani nzima inanyonywa, na tundu likitokea kwenye kiungo hewa huingia ndani badala ya harufu kutoka na kuingia katika nyumba za watu. Mdomo wake upite angalau mita 1 juu ya sehemu ya juu ya paa, na hewa irushwe wima. Kofia ya bati juu ya mdomo huirudisha chini. Bati liwe na unene wa zaidi ya milimita 1 na viungo vichomelewe. Pawe na milango ya kusafishia kila mita 3 hivi na kila panapopinda, na milango hiyo ifikike kutoka korido, isiwe ndani ya kabati la mtu. Usiweke ndani yake kile kilango cha chuma cha kujifunga moto unapotokea, ambacho ni cha lazima kwenye mifereji mingine ya hewa: katika dohani ya jiko mafuta huganda kwenye bawaba zake, na siku ya moto hakifungi. Ulinzi uwe ni ukuta unaoizunguka dohani, wenye kustahimili moto kwa muda uleule unaotakiwa kwa sakafu zinazotobolewa. Na hewa inayotolewa lazima irudishwe kwa njia yake. Jiko lisilo na njia ya hewa ya kuingia hujitafutia lenyewe: hunyonya kupitia mlango wa nyuma, kisha kupitia korido ya wakazi, na mlango wa korido hiyo unakuwa mzito kuufungua mpaka watu wanaukwamisha kwa jiwe. Hapo mlango wa kuzuia moto umeshakufa.

Upande wa maji taka, wengi hufikiri kazi imekwisha bomba likishawekwa wima na kufunikwa na dari ya duka. Tazama kwa karibu kinachotokea chini kabisa ya bomba hilo. Maji kutoka ghorofa nane hushuka yakiwa yamejibandika kwenye kuta za bomba, katikati pakiwa na hewa inayokokotwa nayo. Yanapofika kwenye kona ya chini na kulazimika kulala, yanapunguza kasi ghafla, yanajaa, na hewa iliyokuwa ikija nyuma yake inakosa pa kupita. Inasukuma kurudi juu, na inatafuta tundu lililo karibu: sinki ya duka iliyounganishwa sentimita chache juu ya kona. Maji yanayoziba harufu kwenye mtego wa sinki, ule mpindo wa bomba chini yake, ni milimita 50 hadi 75 tu. Msukumo huo huyarusha nje. Asubuhi za kufua nguo hupanda povu la sabuni, jeupe na la baridi, likajaa sinki ya duka ambalo halijafunguliwa hata maji. Fundi huitwa kuzibua, na hakuna kilichoziba.

Kwa hiyo kanuni ya Uingereza ni kwamba jengo likizidi ghorofa tano, ghorofa ya chini isiunganishwe na bomba hilo kabisa. Iwe na bomba lake linalokwenda moja kwa moja kwenye chemba ya nje. Zikizidi ghorofa 20, hata ile inayofuata juu yake itengwe. Kwa majengo ya hadi ghorofa tano, muunganisho wa chini kabisa uwe angalau milimita 750 juu ya sehemu ya chini ya bomba lililolala, na kona iwe ya vipande viwili vya nyuzi 45 badala ya kimoja cha 90. Kifuniko cha kuzibulia kisiwe juu ya dari ya duka. Siku kitakapofunguliwa, kilicho juu yake kitashuka juu ya bidhaa.

Mabomba ya nyumba yasipinde ovyo ndani ya dari hiyo. Bafu zipangwe zikae juu ya bafu, kutoka juu hadi chini, na chini yake pawe na chumba cha huduma, choo cha duka au korido ya nyuma. Bomba likilazimika kulala juu ya eneo la mauzo, liwe na mwinamo wa kutosha na lifungwe kwa blanketi zito, kwa sababu mteja akisikia choo kikipita juu ya kichwa chake hatarudi. Chini ya mabomba hayo pasiwe na ubao wa swichi kuu za umeme. Inaonekana ni jambo lililo wazi, lakini ndilo tunalolikuta mara kwa mara, kwa kuwa fundi bomba na fundi umeme wamepewa chumba kilekile na hakuna aliyepewa mkato.

Maji ya jikoni yapite kwenye chemba ya mafuta yake yenyewe kabla ya kukutana na maji ya nyumba. Kwa chemba za nje, kipimo kinachotumika sana ni maji yakae humo nusu saa ili mafuta yapate muda wa kupanda: mtiririko wa juu wa lita 1 kwa sekunde unataka chemba ya lita 1,800. Isafishwe mafuta na tope vikifika robo ya kina chake, si wakati harufu ikianza. Iwekwe mahali ambapo gari la kunyonya linafika bila bomba kupita ndani ya duka wakati wateja wanakula. Kile kiboksi kidogo chini ya sinki ni cha kuridhisha mkaguzi. Hujaa kwa siku chache, na mwosha vyombo akichoka hutoa kichujio na kukiweka kando.

Sauti ndiyo hufukuza watu kimyakimya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilitaja desibeli 30 za kelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala usiku, na 45 kwa mlio wa mara moja. Slabu ya zege ya milimita 200 huzuia mazungumzo ya dukani vizuri sana. Haizuii besi ya spika. Ukiongeza unene mara mbili, zege likafika milimita 400, kinadharia unapata desibeli 6 tu za ziada, na msingi wako umeshalemewa. Besi huzuiwa kwa kutenganisha tabaka: dari ya pili isiyopitisha hewa, iliyoning'inizwa kwa vishikizo vya mpira au springi, yenye pamba ya madini juu yake na isiyogusa kuta. Taa za kuzamishwa kwenye dari hiyo, zikitobolewa 40, zimeifuta kazi yote. Njia rahisi kuliko hiyo ni ya mpangilio: weka ofisi, kliniki ya mchana au madarasa kati ya duka na nyumba. Ghorofa moja isiyolala mtu usiku inafanya kazi ambayo zege haliwezi.

Kelele inayosafiri ndani ya zege lenyewe ni adui mwingine, na haijali unene. Mfano ni shata ya duka, ile ya vipande vya bati. Reli zake mbili zimepigwa boliti kwenye nguzo, na ngoma yake imefungwa chini ya slabu ambayo juu yake kuna kitanda. Alfajiri shata inapovutwa, kila kipande kinagonga reli kinapopinda kuingia kwenye ngoma, na mapigo hayo hupanda nguzo hadi ghorofa ya tatu. Mkazi husema jirani anahamisha samani. Dawa ni fremu ya chuma inayosimama yenyewe juu ya sakafu ya duka, ikishikwa na jengo kupitia mpira wa milimita 10 hivi, ngoma ikining'inia kwenye fremu hiyo. Vivyo hivyo kwa kompresa za majokofu na pampu za maji: springi au mpira chini, kiungo laini kwenye bomba, na bomba lenyewe lishikwe kwa vibano vyenye mpira. Transfoma nayo huvuma kwa mara mbili ya masafa ya umeme, yaani hezi 100 pale umeme ulipo wa hezi 50. Ni mlio wa chini unaopenya kuta, kwa hiyo chumba chake kikae chini ya mlango wa magari au nje kabisa, kisikae chini ya chumba cha kulala.

Ujerumani mwaka 2017 iliongeza katika kanuni zake aina mpya ya eneo la mjini la kuchanganya matumizi. Mchana biashara zake zinaruhusiwa desibeli 63 nje ya madirisha, tatu zaidi ya eneo la mchanganyiko la zamani. Usiku zimebaki 45 zilezile. Tunaona huo ni uamuzi wa watu wanaojua mchanganyiko unavunjikia saa ngapi.

Kina cha jengo nacho kina mvutano wake. Duka linaweza kuwa na kina cha mita 20 bila shida, maana linaishi kwa taa. Nyumba haiwezi. Mwanga wa mchana hufika kina cha mara 2 hadi 2.5 ya kimo cha juu cha dirisha. Dirisha linaloishia mita 2.4 linaangaza mita 5 hadi 6. Hewa ya kupita kutoka upande hadi upande hufanya kazi kwa kina cha hadi mara tano ya kimo cha chumba, kama mita 14. Kwa hiyo ghorofa za nyumba ziwe nyembamba, mita 12 hadi 14, na paa la maduka linalobaki nyuma liwe ua wa wakazi. Wanaojaza kiwanja chote mpaka juu na kuacha kisima cha hewa cha mita 2 kwa 3 katikati wanajenga bomba la harufu na kelele lenye madirisha. Ua wa juu ya maduka ukifanywa, kazi ya kuzuia maji ifanywe kwa ukali: mwinamo usiopungua 1 kwa 80, utando upandishwe ukutani milimita 150 juu ya uso wa mwisho, na maji yatuamishwe saa 48 kabla ya vigae kuwekwa. Likivuja baadaye, mwenye duka anamshtaki mwenye nyumba, na vigae vyote vinang'olewa kutafuta tundu la ukubwa wa punje.

Upande wa mtaani, kinachoisha kwanza ni mita za mbele. Chukua kiwanja chenye upana wa mita 20. Lango la wakazi linataka mita 2.5, njia ya mizigo na taka mita 3.5, chumba cha umeme chenye mlango wa nje mita 2. Zimebaki 12, maduka mawili au matatu. Ukiongeza njia ya magari ya mita 6, umebakiwa na duka moja na nusu, na mtaa umepata ukuta wa mageti. Mtaa unaotembeka vizuri huwa na milango 15 hadi 20 kwa kila mita 100. Ndiyo maana huwa tunapendekeza magari yapunguzwe, au mlango wake uwe wa uchochoroni. Lakini lango la wakazi lisipelekwe huko. Liwe mtaani, lenye mwanga, na sakafu ya maduka iwe sawa na njia ya waendao kwa miguu. Ngazi mbili tu mbele ya duka hupunguza wateja, na humfungia nje mwenye kiti cha magurudumu.

Ngazi ya wakazi ishuke moja kwa moja nje, bila kupitia wala kufungukia duka. Wala isiendelee hadi ghorofa ya chini ya ardhi bila ukuta na mlango wa kuitenga, kwani moshi wa maegesho hupanda kwa njia hiyo. Lifti moja iwe na chumba cha milimita 1,100 kwa 2,100, ile ya kilo 1,000, ili machela iingie. Moto wa duka hutoka kwa juu ya kioo na kulamba dirisha la ghorofa inayofuata. Kanuni za Marekani kwa majengo ya zaidi ya ghorofa tatu yasiyo na vinyunyizio vya maji vya kuzimia moto zinataka kati ya madirisha hayo pawe na ukuta wa kustahimili moto wa kimo cha sentimita 91, au kibaraza cha kujitokeza sentimita 76. Kibaraza tunakipenda zaidi, maana kinatoa pia kivuli na kinga ya mvua. Singapore ilishaagiza vibaraza vya futi tano mbele ya maduka katika mpango wa mji wa mwaka 1822, na watu bado wanapita chini yake. Matundu yote ya mabomba ya plastiki kwenye slabu ya duka yavishwe kola zinazovimba kwa joto; plastiki huyeyuka na kuacha tundu la duara linalopitisha moto kama bomba.

Taka za duka na za nyumba zikae vyumba viwili. Pipa la lita 1,100 lina upana wa kama mita 1.4 na kina cha mita 1.1, kwa hiyo mlango wa sentimita 90 haufai. Uwe mita 1.5, ufunguke nje, na chumba kiwe na bomba la maji na tundu la sakafuni. Mita za maji na umeme zitengwe kwa kila mpangaji, na umeme wa korido na lifti usiunganishwe na wa duka lolote.

Neno kwa wataalamu wa mipango miji. Kulazimisha maduka kwenye ghorofa ya chini ya kila jengo, hata kwenye vichochoro, huzaa vioo vilivyobandikwa magazeti. Lazimisheni kimo badala ya matumizi: ghorofa ya chini ya mita 4 na zaidi, yenye tundu la dohani na bomba lake la maji taka, itakuwa nyumba leo, ofisi kesho na duka mtaa ukikua. Japani huruhusu hata katika maeneo ya makazi yenye masharti makali kabisa duka dogo ndani ya nyumba, alimradi lisizidi mita za mraba 50 na liwe chini ya nusu ya jengo. Ni ruhusa ndogo, na inatosha kwa fundi cherehani au muuza vitabu.

Na kwa anayetaka kununua nyumba katika jengo kama hili bila kumlipa mtaalamu: panda juu ya paa kwanza utafute mdomo wa dohani. Usipouona, uliza moshi wa duka la pembeni utatokea wapi. Kisha shuka dukani, omba kifuniko cha dari kifunguliwe, uhesabu mabomba yaliyolala. Mwisho omba ufunguo wa chumba cha taka. Kama hakuna anayejua ulipo, taka zinawekwa ngazini.

Wasanifu na wahandisi wa majengo